Kukosoa si Kucheka

Katika somo la Kiingereza la shule zetu za sekondari kuna zoezi ambalo wanafunzi wengi hulipitia, nalo ni zoezi la kubaini kosa. Mwanafunzi hupewa sentensi iliyogawanywa mafungu manne. Kila fungu hupigiwa mstari na kupewa herufi yake, naye hutakiwa ataje herufi ya fungu lenye kosa la sarufi. Mara nyingi huwapo na jibu la tano, lisemalo kwamba sentensi haina kosa. Zoezi hili ni dogo, wala halichukui dakika moja. Hata hivyo, ndani yake limo swali kubwa linalostahili kufikiriwa na mwalimu na mwanafunzi pia. Mtu aonapo kosa katika maneno ya mwenziwe, ameona nini hasa? Na akishaliona, ana haki gani juu ya mwenziwe huyo, na ana wajibu gani kwake?

Pengine msomaji atastaajabu kuona sarufi ya Kiingereza ikizungumzwa katika kitabu cha utamaduni wa taifa. Lakini utamaduni si ngoma na mavazi tu. Utamaduni ni namna watu wanavyotendeana: jinsi mkubwa anavyomrudi mdogo, jinsi mjuzi anavyomwelekeza asiyejua, na jinsi jamaa wanavyomstahi mwenzao aliyejikwaa. Kiingereza kimekaa kwetu muda wa kutosha kuwa mojawapo ya mahali ambapo tabia yetu hupimwa. Mtoto wa Tanzania katika shule za msingi za serikali husomeshwa kwa Kiswahili, na ndivyo ilivyo tangu mwaka 1967. Afikapo kidato cha kwanza hukuta masomo karibu yote yamebadilishiwa lugha. Mtoto huyo hana budi kukosea. Haliwezekani lingine. Swali ni kwamba sisi tunaomsikiliza tutafanya nini.

Tuanze na neno lenyewe. Neno letu "kosa" limebeba mizigo mitatu. Mwindaji aliyetupa mshale ukapita kando, tunasema amekosa. Mtu aliyekwenda sokoni asipate samaki, tunasema amekosa samaki. Na mtoto aliyemtukana baba yake, tunasema amemkosea. Basi ndani ya neno moja mna kutofika, mna kupungukiwa, na mna uovu. Mwanafunzi aandikaye "The teacher teach us every day" amekosa kwa maana ya kwanza: alilenga, mshale ukapita kando. Huenda amekosa kwa maana ya pili pia, yaani amepungukiwa na ujuzi fulani ambao hajaupata bado. Lakini kwa maana ya tatu hakukosa hata kidogo. Hakumdhulumu mtu, hakuvunja ahadi, hakusema uongo. Sisi tunaomcheka kana kwamba ametenda jambo la aibu, ndio tuliochanganya mizigo hii mitatu na kumtwika wote kwa pamoja.

Kiswahili kimetupa na neno la tiba. Pamoja na kukosa tuna kukosoa, kama vile pamoja na kuchoma tulivyo na kuchomoa. Mwiba huchoma, mkono wa rafiki huuchomoa. Umbo la neno latufundisha kwamba mkosoaji ni mtu anayeondoa kitu kilichoingia mahali pasipo pake. Achomoaye mwiba huinama, hushika mguu wa mwenziwe kwa uangalifu, hutazama mwiba umeingilia upande gani, ndipo huuvuta. Asimamaye mbali akicheka jinsi mwenziwe anavyochechemea, huyo hakukosoa kitu.

Wahenga walisema kwamba kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Methali hii ni ya kweli katika maadili, kwa maana mtu aliyeonywa juu ya wizi akaiba tena ameongeza ukaidi juu ya uovu. Katika kujifunza lugha, methali hii haina budi kutumiwa kwa hadhari. Mtoto mdogo anayejifunza kusema hurudia kosa lile lile siku nyingi, wala mama yake hamwiti mkaidi. Hulisema neno vizuri mbele yake, tena na tena, mpaka siku moja mtoto alitamke sawasawa pasipo kujua ni lini alipolishika. Lugha hujifunzwa kwa kurudia, na katika kurudia huko makosa hurudiwa pia. Mwalimu amwambiaye mwanafunzi, "Nimekwisha kukuambia jana," amechukua kanuni ya mahakama akaitia darasani.

Sasa tuyatazame makosa yenyewe. Mtu asiyechunguza huyaona kama takataka zilizotawanyika ovyo. Mwenye kuchunguza huona kwamba mengi yana njia yaliyopitia, na njia hiyo aghalabu hutoka katika lugha yetu.

Turudi kwa yule aliyeandika "The teacher teach". Katika Kiswahili habari ya mtenda hukaa kichwani mwa kitenzi: anafundisha, wanafundisha, tunafundisha. Sikio letu limezoea kusikiliza mwanzo wa neno. Kiingereza, katika wakati uliopo, huweka alama yake mkiani, tena kwa nafsi moja tu, yule mmoja anayetajwa asiyekuwapo katika mazungumzo. Herufi moja ya "s" mwishoni mwa neno ndiyo ishara yote. Mwanafunzi wetu huikosa kama vile mlinzi aliyezoea kukaa mlango wa mbele anavyomkosa mgeni aliyepitia uani. Mlinzi huyo si mvivu. Ameketi mahali alipofundishwa kuketi.

Mwingine husema "My mother is a nurse, he works at night". Darasa zima hucheka. Lakini Kiswahili husema "yeye" kwa mama na kwa baba, na kitenzi chake ni kimoja kwa wote wawili. Lugha yetu haikuona haja ya kuuliza jinsia ya mtu kabla ya kusema kwamba anafanya kazi. Mwanafunzi huyu anamfahamu mama yake vema, ila hajazoea kulitafuta jambo ambalo lugha yake haikumtaka alitafute.

Wa tatu huandika "The book which I read it was very good". Hapo neno "it" limezidi. Limetoka wapi? Limetoka katika "kitabu nilichokisoma", ambamo kitenzi kimoja chaweza kukitaja kitabu mara mbili, kwa "cho" na kwa "ki". Mwanafunzi alitaka kuwa mwaminifu kwa kitabu chake, akakitaja mara mbili kama alivyolelewa. Wa nne husema "one of my friend", kwa sababu neno "rafiki" lililomo katika "mmoja wa rafiki zangu" halibadiliki umbo, wingi wake umewekwa katika "zangu". Wa tano husema "luggages", kwa sababu mizigo yetu huhesabika: mzigo mmoja, mizigo mitatu. Kiingereza kimeamua kwamba mizigo yote ni kitu kimoja kisichohesabika, kama maji. Uamuzi huo una desturi nyuma yake, lakini hakuna mtu awezaye kuufikia kwa kuitazama mizigo.

Mifano hii yatuonyesha kwamba kosa la mwanafunzi aghalabu ni alama ya akili inayofanya kazi. Asiyefikiri hawezi kukosea kwa utaratibu. Yeye huotea, na makosa yake hayafanani leo na kesho. Mwanafunzi anayekosea jambo moja kwa namna moja ana kanuni kichwani mwake, ila ameitumia katika nchi ambayo kanuni hiyo haina mamlaka. Mwalimu aliyeliona hilo ameona zaidi ya herufi ya fungu lenye kosa. Ameona mahali mwiba ulipoingilia.

Hapa mtu aweza kuuliza: je, unataka tuyaache makosa yakae, kwa kuwa kila moja lina sababu yake? La, hasha. Kuijua sababu ya homa si kumwacha mgonjwa bila dawa. Yako makosa yanayovunja desturi tu, na yako yanayovunja maana, na haya ya pili ni ya hatari. Chukua swali lenye ukanushi. Mtu akiuliza kwa Kiswahili, "Hukumwona?", nasi hatukumwona, hujibu, "Ndiyo, sikumwona", tukikubaliana na maneno ya muulizaji. Mwingereza akiuliza, "Didn't you see him?", hutazamia asiyeona ajibu "No". Ndugu yetu akijibu "Yes" kwa desturi ya kwao, msikilizaji ataandika kwamba alimwona. Fikiria jibu hilo likitolewa mbele ya daktari aulizaye kama mgonjwa hakunywa dawa, au mbele ya mpelelezi aulizaye juu ya mtuhumiwa. Neno moja lililo sahihi katika lugha moja limegeuka ushahidi wa uongo katika lugha nyingine. Mwalimu anayeliacha kosa kama hilo kwa sababu ya huruma hakuhurumia mtu.

Kwa hiyo mizani ya mkosoaji ina sahani mbili. Katika sahani moja aweke uzito wa maana iliyopotea, na katika nyingine aweke uzito wa karipio lake. Aliyesema "luggages" ameeleweka na kila mtu, basi na asahihishwe kwa neno jepesi. Aliyejibu "Yes" mahali pa "No" asimamishwe, aelezwe, ajaribu tena. Ajabu ni kwamba sisi hufanya kinyume. Kosa linalochekesha, ambalo halikumdhuru mtu, hulipigia kelele. Kosa linalopotosha maana hupita kimya, kwa sababu halichekeshi.

Tena yako mambo yaitwayo makosa ambayo ndani yake mna wema uliokosa nguo ya kuvaa. Mtu akijikwaa mbele yetu, twamwambia "Pole". Neno hilo halisemi kwamba sisi ndio tuliomkwaza. Linasema kwamba tumeuona uchungu wake na tumeshiriki. Watu wetu wanapozungumza Kiingereza hulitafuta neno hilo wasilipate, wakachukua "Sorry" iliyo karibu. Mgeni aliyejikwaa hushangaa, akajibu kwamba kosa si letu. Twaweza kumfundisha mwanafunzi kwamba Waingereza hulitumia neno hilo zaidi kwa kuomba radhi, na ni vema ajue. Lakini ole wake mwalimu atakayemfundisha kwa namna itakayomfanya aone haya kwa kuwa na moyo wa kusema pole.

Yafaa pia tukumbuke kwamba kanuni za sarufi zimetungwa na watu, nazo zina historia. Mwaka 1762 Robert Lowth, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa London, alitoa kitabu kidogo cha sarufi ya Kiingereza kilichosomwa kwa miaka mingi. Katika tanbihi zake alionyesha makosa, na wenye makosa hayo hawakuwa watoto wa shule. Walikuwamo Shakespeare na Milton. Katika tamthiliya ya Julius Caesar, ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliifasiri kwa Kiswahili na ikatolewa mwaka 1963, Shakespeare anamfanya Antony atumie alama mbili za kuzidisha sifa juu ya neno moja, kwa namna ile ile ya mwanafunzi wa kidato cha pili aandikaye "most biggest". Katika siku za Shakespeare jambo hilo lilikuwa likitumika bila aibu. Leo ni kosa katika mtihani. Vivyo hivyo, Kiingereza cha kale kilikuwa na neno "thou" kwa mtu mmoja na "you" kwa wengi. Desturi ikageuka, "you" ikawameza wote, kama kwamba sisi tungeliacha "wewe" na kumwambia kila mtu "ninyi". Kilichokuwa kosa kikawa kanuni.

Sisemi haya ili mwanafunzi amwambie mwalimu wake kwamba naye ni Shakespeare. Kanuni ya leo ni mapatano ya leo, na mwenye kutaka kueleweka na watu wa leo sharti ayajue mapatano yao. Nasema haya ili anayekosoa afanye kazi yake kwa unyenyekevu. Lile jibu la tano katika zoezi, lisemalo kwamba hakuna kosa, lina hekima yake. Mtu aliyezoea kuwinda makosa huyaona hata yasipokuwapo, akaifuta sentensi nzuri kwa sababu tu yeye asingeisema hivyo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini. Mgeni kutoka Ulaya akija kwetu akasema "Kitabu yangu nzuri imepotea", tunafanyaje? Sentensi yetu ni "Kitabu changu kizuri kimepotea", na upatanisho umevunjika kila mahali. Kwa kipimo cha sarufi kosa hili ni kubwa kuliko lile la "teach" na "teaches", maana upatanisho wa ngeli ni uti wa mgongo wa Kiswahili. Lakini hatucheki kwa dharau. Twatabasamu, twampongeza, twasema, "Kumbe wajua Kiswahili!" Kisha ndugu yetu, aliyezaliwa kijijini pamoja nasi, akasahau herufi moja ya Kiingereza, nasi twaangua kicheko na kumpa jina atakalobaki nalo mpaka amalize shule.

Kama kicheko kingekuwa ni kwa ajili ya sarufi, tungewacheka wote wawili, na yule mgeni tungemcheka zaidi. Basi kicheko hiki hakihusu sarufi. Kinahusu cheo. Mgeni akosapo Kiswahili twaona kwamba ameshuka kutufikia, twamshukuru. Ndugu akosapo Kiingereza twaona kwamba alijaribu kupanda akateleza, nasi tulio chini au juu yake kidogo twafurahi kumwona ameanguka. Kiingereza kimegeuzwa ngazi, na aliye juu yake hupenda kuipaka utelezi.

Fikra hii tuliirithi. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na fikra za Mwafrika, ameeleza jinsi katika shule za Kenya za wakati wa ukoloni mtoto aliyesikika akisema Kigĩkũyũ alivyokabidhiwa kifungo, naye akakipitisha kwa mwingine atakayesikika, hata jioni walioshika kifungo hicho wote wakaadhibiwa. Watoto walifundishwa kuwindana. Wakoloni wamekwenda zao. Lakini kila tunapokaa katika mkutano tukisubiri mwenzetu akosee Kiingereza ili tukonyezane, kifungo kile kingali kinapita mkono kwa mkono, na safari hii hakuna aliyetulazimisha kukishika.

Gharama yake si haya peke yake. Katika miaka yangu ya utumishi nimepata kukaa katika kikao kimoja cha mradi wa maji, kilichoendeshwa kwa Kiingereza kwa sababu ya mtaalamu mmoja mgeni. Alikuwapo fundi wetu, mtu anayelijua kila bonde la tarafa ile. Mabomba yalipangwa kupita bonde ambalo hufurika wakati wa masika. Fundi akatazama ramani, akatazama meza, akanyamaza. Masika yalipokuja maji yakayachukua mabomba. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alijibu, "Mzee, ningekosea pale wangecheka." Wala katika kikao kile hapakuwa na mtu aliyemcheka. Alikuwa amekwisha kuchekwa zamani, darasani, na kicheko kile kilikuwa kingali kinafanya kazi. Watu wa vijiji viwili waliteka maji mtoni mwaka mwingine mzima. Hiyo ndiyo bei ya kicheko, nayo aghalabu hulipwa na wasiokuwapo siku ya kucheka.

Kwa hiyo nawasihi walimu na wanafunzi waongozwe na maswali matatu kila waonapo kosa. La kwanza: kosa hili limepitia njia gani? Atakayelijibu ataweza kuufundisha mlango mzima badala ya kufukuza nzi mmoja mmoja. La pili: limevunja maana au desturi? Atakayelijibu atajua apaze sauti kiasi gani. La tatu: je, angekosea mgeni ningemtendea hivi? Atakayelijibu kwa ukweli atajijua yeye mwenyewe.

Na mwanafunzi aliyekosolewa naye ana wajibu wake. Asikasirike kwa kuchomolewa mwiba, maana yuko mtu anayependelea kuchechemea kuliko kushikwa mguu. Kuuliza si ujinga, na kusahihishwa si kudharauliwa. Kiingereza ni chombo chenye manufaa, kimehifadhi elimu nyingi ya dunia, na mwenye chombo hukitunza. Ajifunze "s" yake, ajifunze "he" na "she", na ajifunze kwa bidii ile ile ambayo angejifunza kushika randa ama usukani.

Tena uangalifu huo huo tuutie katika Kiswahili chetu. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967 ili lugha hii ikuzwe na itumiwe ipasavyo, lakini baraza haliwezi kukaa kinywani mwa kila mtu. Yuko msomi anayeshtuka asikiapo "discuss about", ilhali yeye mwenyewe husema "nyumba mizuri" na "masaa mawili" pasipo kushtuka. Nyani haoni kundule. Tukimwona msomi huyo, tumkosoe, naye kwa upole ule ule. Tukimcheka, tutakuwa tumebadilisha lugha tu, na tabia yetu itabaki palepale.

Mwalimu amshikapo kalamu nyekundu ameshika madaraka juu ya roho ya mtoto. Kwa kalamu hiyo aweza kutia alama ya mkato juu ya sentensi, au aweza kuutia juu ya mtu. Sentensi ikikatwa huandikwa upya siku hiyo hiyo. Mtu akikatwa huchukua miaka kuinuka, na wengine hawainuki. Taifa linalotaka raia wasemao wanayoyajua halina budi kulinda kinywa cha anayejifunza kusema.